Kutumia intaneti kuamua matibabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila wiki: kwenye benchi la kusubiria, kwenye simu, na mara nyingi mlangoni wakati mgonjwa ameshaaga. Majibu yamelengwa zaidi kwa msomaji wa Tanzania. Kenya imetajwa pale ambapo mambo yanatofautiana. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye swali lako.

## Mambo ya mwanzo

1. Kama daktari yupo, intaneti ya nini?

Ya kukuandaa. Daktari wa kliniki ya rufaa ana foleni ndefu, na dakika zako ni chache. Mgonjwa aliyesoma kidogo kabla ya kuingia anajua ugonjwa wake unaitwaje, anajua kama kuna njia moja au tatu za kuutibu, na ana swali mkononi. Asiyesoma anaitikia "sawa dokta", halafu maswali yake anakwenda kumuuliza mlinzi getini.

Kuna maamuzi ambayo jibu lake ni moja. Kipimo kimeonyesha malaria, unameza dawa mseto. Kidole tumbo kimevimba, unapelekwa upasuaji. Hapo mtandao hauna la kuongeza. Lakini yapo mengine ambayo njia mbili au zaidi zinakubalika kitaalamu, na tofauti iko kwenye madhara, gharama, umbali, na kile ambacho wewe hukubali kukipoteza. Kusoma kunalipa hasa kwenye haya ya pili, na mifano iko swali la 13 hadi la 15.

Kitu ambacho mtandao hauwezi ni kukupima. Haushiki tumbo, hausikilizi mapafu, haukuoni ulivyobadilika tangu mwezi uliopita.

2. Daktari hatakasirika nikimwambia nimesoma mtandaoni?

Wapo wanaokasirika, tusidanganyane. Lakini mara nyingi kinachoudhi ni namna ya kusema. "Dokta, nimegundua nina saratani" inafunga mlango. "Dokta, nimesoma kwamba ugonjwa huu una njia mbili za tiba, kwangu mimi ipi inafaa, na kwa nini?" inaufungua. Andika maswali yako kwenye karatasi, yasizidi matatu, na lile linalokuogopesha zaidi liwe la kwanza. Watu hulibakiza hilo hadi wakishika kitasa cha mlango, na daktari anakuwa ameshaita jina la mwingine.

Kama umesoma kitu mahususi, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la tovuti na tarehe. "Nilisoma mahali fulani" haimsaidii mtu.

Kuuliza si utovu wa adabu. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na tiba zilizopo, faida, hatari na gharama, tena kwa lugha anayoielewa.

3. Wakati gani nisitafute chochote mtandaoni?

Wakati dakika zina thamani kuliko habari. Mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki: huenda ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, pale hospitali inapokuwa nayo. Maumivu ya kifua yanayobana na jasho. Mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa kikali huku macho yakiona ukungu. Mtoto mwenye degedege, au asiyeweza kunyonya. Tafuta gari, si bando.

## Kutafuta na kupima ukweli

4. Nianzie wapi?

Si kwenye kisanduku cha Google ukiandika dalili zako. Anza na jina la ugonjwa ulilopewa, kisha nenda kwenye tovuti ambayo kazi yake ni kuwaeleza wagonjwa. MedlinePlus ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ni ya bure na haina matangazo. Tovuti ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, imeandikwa kwa Kiingereza chepesi sana na kila ukurasa una tarehe ya kuhakikiwa. Shirika la Afya Duniani ni zuri kwa chanjo, magonjwa ya mlipuko na miongozo mikubwa, ila halisaidii sana mtu anayechagua kati ya tiba mbili.

Ukitaka kujua ushahidi unasema nini kuhusu tiba fulani, tafuta Cochrane. Ni mtandao wa watafiti ulioanza 1993, wanaokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima pamoja. Mapitio yao huja na muhtasari kwa lugha ya kawaida. Soma huo muhtasari na uachie hapo.

PubMed, ghala la makala za utafiti wa tiba, waachie wenye kazi yao. Mtu asiyezoea utafiti akifungua pale atapata makala inayounga mkono chochote anachotaka kuamini.

Huna simu janja? Wizara ya Afya ya Tanzania ina namba 199 ya kupiga bure.

5. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nifanyeje?

MedlinePlus ina sehemu ya lugha nyingine, na Kiswahili kimo. Maandishi mengi ya humo yametayarishwa kwa ajili ya wahamiaji wanaotibiwa Marekani, kwa hiyo habari za bima na namba za dharura zipite tu. Maelezo ya ugonjwa na maandalizi ya vipimo yanafaa popote.

Jambo linalosaidia zaidi ni kumwomba daktari au nesi akuandikie jina kamili la ugonjwa. Kwenye faili huandikwa vifupisho: HTN ni presha ya kupanda, DM ni kisukari, BPH ni kutanuka kwa tezi dume kusikokuwa saratani, na "Ca" mbele ya jina la kiungo ni saratani ya kiungo hicho. Ukiwa na jina kamili, hata anayekusomea atafika mahali sahihi.

Programu za kutafsiri zinatosha kupata wazo la jumla. Usiziamini kwenye dozi wala kwenye sentensi zenye katazo. "Usimeze pamoja na" ikipoteza ile "usi" yake, umekwisha.

6. Nitajuaje kama tovuti ni ya kuaminika?

Angalia nani ameandika, lini, na anauza nini. La tatu ndilo linalofichua wengi: ukurasa unaoeleza ugonjwa wa figo kwa ufasaha na kumalizika kwa namba ya WhatsApp ya kuagizia unga wa kusafisha figo ni tangazo, hata kama aya tisa za juu ni kweli.

Tarehe nayo si pambo. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ukurasa wa 2014 unaosema mgonjwa wa figo wa Tanzania hana budi kupelekwa nje hausemi uongo, umezeeka.

Usidanganywe na mihuri. Kwa miaka mingi tovuti za afya zilibandika alama ya HONcode, iliyotolewa na taasisi moja ya Geneva. Taasisi hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2022, kwa hiyo alama hiyo ukiikuta leo hakuna anayeisimamia.

7. Nimetumiwa WhatsApp kwamba mstafeli unaponya saratani mara 10,000 kuliko kemo. Kuna ukweli?

Hakuna. Ujumbe huu umezunguka dunia kwa lugha nyingi, na kila ukifa unafufuka. Chanzo chake ni majaribio ya maabara, ambako kemikali za mmea ziliua seli za saratani zilizokuzwa kwenye vyombo. Vitu vingi huua seli kwenye vyombo. Jiki inaua pia. Hakuna utafiti kwa binadamu ulioonyesha kwamba mstafeli unaponya saratani. Tena kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, watafiti walihusisha ulaji wa muda mrefu wa matunda na majani ya jamii hii na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na ugonjwa wa kutetemeka (Parkinson).

"Lakini kuna watu wametoa ushuhuda." Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Shuhuda zilijaa magazetini, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Aliyepata nafuu hurudi kusimulia. Aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyefariki hana akaunti ya Facebook. Ndiyo maana wingi wa shuhuda haukuambii tiba inawafaa wangapi kati ya mia.

Kama unatumia dawa za asili, mwambie daktari. Hatukuulizi ili tukugombeze. Baadhi zinagongana na dawa za presha, kisukari na za kuzuia damu kuganda.

8. Vipi madaktari wa TikTok na YouTube?

Koti jeupe linauzwa dukani. Hakiki jina (swali la 17), kisha tazama kama anachokieleza kinaishia kwenye bidhaa yake. Wapo wazuri sana, hasa wanaoeleza kipimo kinavyofanyika. Kumwona mtu akiingia kwenye mashine ya MRI kunapunguza hofu kuliko kijitabu chochote. Kwa kuchagua tiba, video ya dakika moja haitoshi.

9. Naweza kuiuliza ChatGPT?

Kwa kuandaa maswali, ndiyo, na hapo inafanya kazi nzuri. Bandika maelezo ya daktari na uiombe ikueleze kwa Kiswahili chepesi, au ikutajie mambo ya kuuliza kabla ya upasuaji. Tatizo lake ni kwamba inakosea kwa sauti ile ile inayotumia inapopatia. Inaweza kukutajia utafiti ambao haupo, na jina la jarida juu yake. Kwa Kiswahili makosa ni mengi zaidi, kwa sababu maandishi ya tiba kwa lugha yetu iliyojifunzia ni machache.

Dozi usiichukue kwake. Jibu lolote linaloweza kubadilisha uamuzi wako lihakikishe kwenye tovuti za swali la 4. Jina lako na namba ya faili visiingie humo.

## Namba na majibu ya vipimo

10. Nimesoma kwamba dawa fulani "inaongeza hatari mara mbili". Niache?

Uliza kwanza: mara mbili ya ngapi? Oktoba 1995, mamlaka za Uingereza zilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye miguu na mapafu. Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla. Namba halisi ilikuwa hii: kwa vidonge vya zamani, mwanamke 1 kati ya 7,000 alipata tatizo, kwa vipya, 2 kati ya 7,000. Ndiyo, ni mara mbili. Mwaka uliofuata utoaji mimba Uingereza na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe una hatari kubwa ya damu kuganda kuliko vidonge walivyovikimbia.

Ujanja huo huo hutumika upande wa faida. Dawa "inayopunguza hatari kwa nusu" inaweza kuwa imeishusha kutoka 40 kati ya 100 hadi 20, au kutoka 2 kati ya 10,000 hadi 1. Ukiona asilimia bila idadi ya watu, tafuta ukurasa mwingine. Mbele ya daktari uliza hivi: "Watu mia kama mimi wakitumia hii, wangapi watafaidika? Wasipotumia je?"

11. Nimepewa majibu ya maabara, namba moja ina alama ya kupanda. Google inasema ni saratani.

Google inasema hivyo kwa karibu kila kitu. Kiwango cha kawaida hutofautiana kati ya maabara, umri, jinsia na ujauzito, kwa hiyo soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako na si cha tovuti.

Chukua PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ambacho kwa miaka mingi mstari wake umekuwa nanogramu 4 kwa mililita. Namba hiyo hupanda kwa saratani. Hupanda pia tezi ikitanuka kwa umri, ikiwa na maambukizi, ukiwa na UTI, baada ya kuwekewa mpira wa mkojo, hata baada ya tendo la ndoa siku ya karibu. Kinachothibitisha saratani ni kinyama kilichochukuliwa na kuangaliwa kwenye hadubini. Basi swali la kumuuliza daktari ni kama kipimo kirudiwe na lini.

## Kuamua

12. Nimesikia kuna nyenzo za kumsaidia mgonjwa kuamua. Ni kitu gani?

Ni kurasa au vijitabu vilivyoandaliwa kwa uamuzi mmoja: huu ndio ugonjwa, hizi ndizo njia, kwa kila njia watu mia watapata nini, sasa pima mwenyewe. Hazikuambii uchague ipi, na hapo ndipo zinapotofautiana na kipeperushi. Taasisi ya Utafiti ya Hospitali ya Ottawa, Kanada, ina orodha kubwa ya bure iliyopangwa kwa alfabeti. Mapitio ya Cochrane ya 2024, yaliyojumuisha tafiti 209, yalionyesha kwamba wanaozitumia wanaelewa zaidi, wanakadiria hatari kwa usahihi zaidi, na wanajua wazi zaidi wanachokitaka.

Ottawa wana pia karatasi inayofaa kwa uamuzi wowote, na hiyo ndiyo tunayoipenda. Unachora safu: njia, faida zake, hatari zake. Mbele ya kila faida na kila hatari unaweka nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kuonyesha uzito wake kwako. Mama mmoja mshonaji aliweka nyota tano kwenye "mkono kuvimba" na moja tu kwenye "kovu". Daktari hakuwa amefikiria kwamba cherehani ndiyo inayolisha nyumba ile.

Kasoro yake ni hii: zimeandikwa kwa nchi ambazo kila njia iliyoorodheshwa ipo hospitali ya jirani. Sisi tunaongeza safu tatu: *ipo wapi, itachukua siku ngapi, nani analipa*. Bila safu hizo uamuzi unaweza kuwa mzuri kwenye karatasi na usitekelezeke.

13. Baba ana saratani ya tezi dume. Nimesoma kwamba Ulaya wengine hawatibiwi kabisa, wanaangaliwa tu. Kweli?

Kweli, na ushahidi wake ni mzuri. Utafiti uitwao ProtecT, wa Uingereza, uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi: wengine walifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Katika kila kundi, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 kati ya 100. Upasuaji uliacha wengi zaidi na tatizo la kuvuja mkojo na nguvu za kiume, na mionzi ikaleta shida za haja kubwa. Kwa waliofuatiliwa, saratani ilisambaa karibu mara mbili zaidi, takriban 9 kati ya 100 dhidi ya 5, na wengi wao mwishowe walitibiwa.

Kabla hujamwambia mzee arudi nyumbani, uliza kama utafiti huu unamhusu. Wanaume wale walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 69, saratani yao iligunduliwa kwa PSA kabla ya dalili, na karibu wote walikuwa Wazungu. Weusi wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Wagonjwa wetu wengi hufika mkojo umeshaziba au mgongo unauma, maana yake huenda saratani imeshafika mifupani. Huko ni ugonjwa mwingine na uamuzi mwingine. Tena kufuatiliwa si kukaa tu. Ni PSA kila baada ya miezi kadhaa na kinyama kurudiwa, kwa miaka. Anayeishi mbali na hospitali yenye huduma hizo, na nauli ni ya kuchangisha, anaweza kwa busara kabisa kuchagua atibiwe sasa.

Kwa daktari muulize: imesambaa au haijasambaa? Alama ya Gleason, yaani ukali wa seli za saratani zikiangaliwa kwenye hadubini, ni ngapi? Hayo mawili ndiyo yanayokuambia ukurasa upi unakuhusu.

Na kama faili linasema BPH, funga kurasa zote za saratani. Hiyo si saratani wala haigeuki kuwa saratani.

14. Nina saratani ya titi. Wengine wanatolewa uvimbe tu, mimi nimeambiwa titi lote. Kwa nini?

Tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Milan, Italia, zilitoa matokeo ya miaka 20 mwaka 2002: kwa saratani iliyowahiwa, waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi lote. Usiruke neno "mionzi". Katika utafiti wa Marekani, waliotolewa uvimbe bila mionzi, 39 kati ya 100 ulirudi kwenye titi lile lile. Waliopata mionzi, 14.

Kwa hiyo kubakiza titi ni ahadi ya mionzi, na mionzi ni kwenda mashine siku tano kwa wiki kwa majuma matatu hadi matano au zaidi. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, Hospitali ya Bugando iko Mwanza. Mama wa Songea mwenye watoto wadogo anahesabu pia pa kulala na nani atabaki na watoto. Kuna sababu za kitabibu vilevile: uvimbe mkubwa kwa titi lilivyo, au uvimbe zaidi ya mmoja. Muulize daktari sababu ya kwako ni ipi, ya ugonjwa au ya mazingira. Ya mazingira wakati mwingine ina njia, kama hosteli ya wagonjwa au ndugu wa Mbagala.

15. Nilijifungua kwa upasuaji. Naweza kujaribu kawaida safari hii?

Kwa wengi wenye kovu moja, inawezekana. Takwimu za Uingereza zinasema wanaojaribu hufanikiwa karibu 3 kati ya 4, na kizazi hupasuka kwa takriban 1 kati ya 200. Namba hiyo ya pili ni ndogo kwa sababu nyuma yake kuna chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku na mchana, damu ya akiba, na mkunga anayefuatilia moyo wa mtoto muda wote. Kwenye zahanati isiyo na upasuaji namba hiyo haikuhusu, hata ukurasa uwe umeandikwa na nani.

Tafuta karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali baada ya upasuaji wa kwanza. Kovu la kizazi lililokatwa wima lina hatari kubwa zaidi, na kovu la nje la ngozi halikuonyeshi la ndani lilivyo. Fikiria pia unataka watoto wangapi: kila upasuaji unaoongezeka unaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu.

16. Wakala ametutumia makadirio ya hospitali ya India. Tuuze kiwanja?

Msiuze bado. Wakala analipwa mgonjwa akisafiri. Tafuteni kwanza kama huduma ipo nchini: moyo ni Taasisi ya Jakaya Kikwete, mifupa na ubongo ni MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, figo rejea swali la 6. Makadirio yasomeni kwa kile kisichoandikwa, yaani siku za ziada za ICU, nyumba ya kukaa, msindikizaji, na dawa za kumeza mkisharudi. Kwa Kenya, kumbukeni kwamba kurasa nyingi bado zinazungumzia NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa huko. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mafao yake si yale ya zamani.

## Watoa huduma na dawa

17. Namhakiki vipi daktari?

Tanzania Bara, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya, na KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko, na tovuti yake ina sehemu ya kutafuta jina. Tazama kama usajili ni wa sasa na kama ubingwa anaojitangazia umeandikwa. Waganga wa asili wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

18. Dawa inauzwa Instagram kwa nusu bei. Ninunue?

Hapana. Huoni ilivyohifadhiwa, na insulini iliyokaa kwenye buti la bodaboda juani haifai hata kama boksi ni halisi. Orodha ya dawa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na kwa Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Tangazo linalojigamba "imethibitishwa na TFDA" litilie shaka mara moja: jina hilo lilibadilika kuwa TMDA mwaka 2019.

## Hali ngumu

19. Kaka yuko Minnesota, anatutumia linki kila siku na anapinga kila anachosema daktari.

Anafanya hivyo kwa sababu yuko mbali na anaogopa. Mpeni kazi. Aandike maswali matatu, aliye karibu na mgonjwa ayapeleke kliniki, na majibu yarudi kwa sauti iliyorekodiwa, daktari akiridhia. Miongozo ya Marekani hutofautiana na yetu mara nyingine kwa sababu ya dawa zilizopo, si kwa sababu mmoja hajui kazi. Anayelipa bili naye hukumbushwa taratibu kwamba mwili ni wa mgonjwa.

20. Mama hajui kusoma, na ndugu hawataki aambiwe ni saratani.

Kutojua kusoma hakumzuii kuamua, msomeeni. Kuhusu kumficha, muulizeni yeye anataka kujua kiasi gani. Wapo wazee wanaosema "mwambieni mwanangu mkubwa, mimi nitafuata", na huo ni uamuzi wake halali. Tunachokikataa ni kumficha bila kumuuliza, kwa sababu atatambua mwenyewe akiingizwa geti la Ocean Road.

21. Simu ni ya familia. Nitafutaje habari za VVU bila kujulikana?

Tumia dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halihifadhi historia, na ulifunge ukimaliza. Video za YouTube zitazame humo humo, la sivyo zitaanza kupendekezwa kwa kila mtu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wagonjwa namba yako inaonekana na wote. Usitume picha ya majibu yenye jina wala namba ya kadi.

Na kwa kuwa ndilo linalotafutwa zaidi: ndiyo, anayemeza ARV na kupimwa akakutwa virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo wazi.

22. Tovuti nzuri inasema hivi, daktari wangu anasema vile.

Muulize: "Kwangu kuna nini cha tofauti?" Mara nyingi lipo jambo: figo zako, umri, dawa nyingine, au dawa inayotajwa haipatikani. Akikosa sababu na uamuzi ni mkubwa, omba nakala ya majibu na vipande vya kinyama, uone bingwa mwingine. Maoni ya pili ni jambo la kawaida.

23. Tumeshaanza kemo, na jana nimesoma kuhusu dawa mpya iliyo bora zaidi. Tusimamishe?

Msisimamishe. Mizunguko ya kemo imepangwa kwa tarehe, na pengo la kujiamulia linaweza kuipa saratani nafasi. Tazameni hiyo dawa mpya ilijaribiwa kwa nani: nyingi za sasa hufanya kazi kwa uvimbe wenye alama fulani tu, kama HER2 kwenye titi, na alama hiyo imeandikwa, au ilipaswa kuandikwa, kwenye ripoti ya kinyama. Nendeni na ripoti hiyo na jina la dawa kwenye mzunguko unaofuata, mfike mapema kabla dripu haijatundikwa, kwa sababu ikishatundikwa daktari ameshahamia kitanda kingine.